Mwenye Gari na Spana Yake: Mjadala wa Igogo

Hoja iliyo mbele yetu ni fupi: mwenye gari ana haki ya kulifungua na kulifunga mwenyewe bila kupitia kwa fundi. Nimeileta Igogo kwa makusudi. Kata hii ya Nyamagana, jijini Mwanza, haina mahali pa kujificha. Chini imebanwa na Barabara ya Kenyatta, reli, bandari ya Mwanza Kusini na viwanda vya samaki. Juu ni mawe, juu ya mawe ni nyumba, na njia za kuzifikia nyumba nyingi ni za miguu. Anayeishi huko juu huliacha gari chini, kando ya barabara au uwanjani kwa jirani. Siku akitaka kubadilisha plagi, habadilishi bandani kwake amefunga mlango. Anabadilisha mbele za watu, na watu wa Mwanza hawapiti kwenye boneti iliyo wazi bila kusema neno.

Sauti zinazozungumza hapa nimezitunga mimi. Mabishano sikuyatunga, yeyote aliyewahi kuinamia injini barabarani ameshayasikia. Mwalimu anafundisha fizikia sekondari, na ana Toyota IST iliyotoka Japani ikiwa na kilomita ambazo hata aliyemuuzia haziamini. Fundi ni mzee mwenye gereji ya wazi: mwembe, pipa la oili chafu, magari matatu yasiyo na magurudumu. Mama Spea ana duka la vipuri mjini. Suka anaendesha kipanya kati ya mjini na Buhongwa. Kijana ametoka chuo cha ufundi cha VETA Nyakato na anafanya kazi kwa Fundi kwa malipo yasiyoeleweka.

MWALIMU: Shikamoo mzee wangu. Nianze na hesabu ndogo. Injini yangu ni 1NZ. Oili yake, ukibadilisha pamoja na filta, ni lita 3.7. Gereji niliyokuwa napeleka walinimiminia galoni zima la lita nne. Nikawauliza mbona kijiti cha oili kinaonyesha imepita alama, wakasema ikizidi kidogo haina neno. Nikajiuliza: kama kazi yenyewe ni kufungua nati moja ya namba 14, kumwaga, kubadilisha filta na kumimina kwa kipimo, kwa nini nimlipe mtu wa kunizidishia?

FUNDI: Marahaba, mwalimu. Shida yako siyo oili. Shida ni kwamba baada ya oili utaziona plagi, baada ya plagi utaziona breki, na baada ya breki mimi nitaletewa gari kwenye kamba. Nimeshapokea nyingi za watu wa kitabu. Mtu amekaza plagi mpaka nyuzi za kwenye hedi zimeliwa. Hedi ile ni aluminiamu, siyo chuma cha reli! Kazi ya dakika kumi inageuka kazi ya kushusha hedi, halafu mwenyewe anaomba apunguziwe.

SUKA: Na kamba ya kuvutia anataka ya kuazima.

KIJANA: Samahani mzee, naomba kuuliza kitu. Wewe ulijifunzia wapi?

FUNDI: Mimi? Nilianza spana boi, miaka ile ya themanini ya shida. Spea hakuna, dola hakuna. Peugeot 504 ikivunjika kitu mnakaa nayo mwezi mzima. Bushi tulikuwa tunachonga kwenye tairi kuukuu. Bosi wangu neno lake lilikuwa moja: "Fungua tuone." Tukafungua, tukaona.

MWALIMU: Mlifungua gari la nani, mzee?

FUNDI: La mteja.

Kicheko kilichofuata hapo kilistahili kuwa kikubwa zaidi. Jibu hilo la Fundi ndilo kiini cha mjadala wote, na yeye mwenyewe alilitoa bila kulipima. Ufundi wa magari wa nchi hii ulijengwa kwa kujaribu, na majaribio yakafanyika kwenye mali za watu. Siwalaumu wazee wale. Uhaba wa fedha za kigeni wa miaka ya 1980 uliwafanya wavumbuzi kwa lazima, na ni katika muongo huohuo, mwaka 1985, ndipo lilipoanzishwa shirika la Nyumbu kule Kibaha, taifa nalo likijaribu kuunda lori lake. Sheria ya kuanzisha VETA ilikuja mwaka 1994. Baadaye VETA ikaanza hata kuwapima mafundi wa mitaani na kuwapa vyeti kwa ujuzi walioupata nje ya darasa. Kwa maneno mengine, serikali imekiri kwamba fundi wa chini ya mwembe ni fundi. Ila haijasema ni nani aliyelipia karo yake. Tunajua: ni wenye magari, mmoja baada ya mwingine, kwa gasketi zilizoungua na nyuzi zilizoliwa.

Ukiliona hivyo, Mwalimu anayeharibu hedi yake mwenyewe ana adabu kuliko wengi. Somo ni lake na bili ni yake. Basi swali la kumuuliza mtu wa spana za nyumbani siyo "unajua?" Hakuna aliyezaliwa anajua. Swali ni: ukikosea, nani atalipa?

FUNDI: Mwandishi umeanza kupendelea.

Nimependelea, ndiyo, na nitaendelea kwa aya chache. Kisha nitahama upande.

MWALIMU: Ngoja basi niseme la thamostati. Nimefungua gari yangu nikakuta haipo. Imetolewa. Nikaulizia gereji tatu, zote zinasema hii ni nchi ya joto, thamostati ni ya Wazungu na Wajapani wenye theluji.

SUKA: Ya kwangu ilitolewa zamani. Gari inatembea.

MWALIMU: Inatembea inakunywa mafuta, kaka.

Katika kesi hii Mwalimu anaishinda mitaa miwili ya gereji. Thamostati ni mlango mdogo kwenye njia ya maji ya injini. Ya injini kama yake huanza kufunguka maji yakikaribia nyuzi 82 za Selsiasi. Kabla ya hapo huyazuia maji yasiende kwenye rejeta, ili injini ipate moto wake upesi. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote na injini inakawia kupata joto, pengine isilipate kabisa. Kompyuta inadhani ndiyo kwanza gari linawashwa asubuhi, inaendelea kuongeza petroli, na mwenye gari anamlaumu mwenye sheli kwamba amechakachua. Hoja ya nchi ya joto haisimami hata kidogo. Mwanza saa nane mchana, jua limeyaunguza mawe, hewa haifiki nyuzi 40. Injini inataka zaidi ya 80.

Kitu kinachostahili kuangaliwa kwa sababu ya mahali tulipo ni kingine kabisa, na sijawahi kusikia gereji ikikitaja: kifuniko cha rejeta. Jiji hili liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho maji ya sufuriani huchemka karibu na nyuzi 96, si 100. Kifuniko kizima huyabana maji kwa shinikizo, kikayapandishia kiwango cha kuchemka hadi kupita nyuzi 110. Mpira wake ukichoka, faida hiyo imekwenda. Gari linachemsha kwenye mlima, na fundi anatoa thamostati ambayo haikuwa na kosa.

FUNDI: Umemaliza? Sasa sikiliza ya gereji. Thamostati ya kwanza niliyoitoa ilikuwa imegoma kufunguka. Nikamtuma mwenye gari anunue mpya. Akaleta feki. Nikaifunga. Haikumaliza wiki, ikagoma nayo, gari ikachemsha, gasketi ya hedi ikaungua. Nani alilaumiwa, aliyeuza au aliyefunga? Tangu hapo natoa. Injini baridi inakula petroli. Injini iliyochemsha inakula hedi. Chagua mwenyewe unalishe ipi.

MAMA SPEA: Fundi, hilo la feki usinitupie mimi. Thamostati unaweza kuijaribu kabla hujaifunga. Weka kwenye sufuria ya maji jikoni, washa moto, itazame. Isipofunguka nirudishie nikupe nyingine. Ni wangapi wanafanya hivyo? Wanakuja mbio, wanaondoka mbio. Na nyie mnaosema feki, waambieni pia wenzenu kwa nini mnanunua feki.

FUNDI: Dada, tunazungumza ufundi hapa.

MAMA SPEA: Nami nazungumza ufundi. Fundi anakuja dukani peke yake, mwenye gari kamwachia hela. Ananiambia, mama nipe ile ya bei ndogo, kwenye risiti niandikie ya bei kubwa. Hicho cha juu ndicho chakula cha watoto wake. Mwalimu akija mwenyewe, anageuza boksi, anasoma namba, anapiga picha, ananichosha, lakini anaondoka na kile alicholipia.

Kimya kilichofuata kilikuwa cha watu wanaojuana. Tume ya Ushindani imekuwa ikikamata na kuteketeza bidhaa bandia, vipuri vikiwamo, na bado plagi zenye maandishi ya Denso na NGK ambazo hazijawahi kupita karibu na viwanda hivyo zimo madukani. Zinauzika kwa sababu katikati ya muuzaji na mwenye gari amesimama mtu ambaye kipato chake kinaongezeka kadiri kipuri kinavyokuwa duni. Hapo ndipo naona sababu halisi ya mafundi kuchukia spana ya mwenye gari. Hofu ya nyuzi za hedi ipo, lakini ni ndogo. Hofu kubwa ni kwamba mtu anayefungua gari lake atakwenda dukani mwenyewe.

FUNDI: Haya, na mimi niulize. Hela ya ufundi mnanipa kiasi gani? Mtu anakuja na gari ya mamilioni, nimeshinda chini yake toka asubuhi, jioni ananiambia "si umekaza nati tu?" Kungekuwa na bei ya akili yangu, cha juu nisingekihitaji. Mnalipa kwa kitu kilichobadilishwa. Nikikuambia gari yako nzima, nenda nyumbani, utanipa nini? Utanipa asante.

Sikuwa na jibu, na Mwalimu naye alitazama viatu vyake. Turudi kwenye spana.

KIJANA: Mimi naomba niwe upande wa mzee kidogo. Mwalimu amenunua kale kadude ka kuchomeka chini ya usukani, kanaongea na simu.

MWALIMU: Ninako. Kanasoma makosa ya kompyuta. Sihitaji tena kulipa mtu wa kunipimia.

KIJANA: Kanasoma, lakini kanasoma nini? Taa ya cheki injini ikiwaka, kanakupa P0171. Maana yake hewa imezidi mafuta. Basi. Hakasemi kwa nini. Inaweza kuwa mpira wa hewa umepasuka, sensa ya hewa imechafuka, pampu ya mafuta imechoka, filta imeziba. Mtu anasoma kwenye simu "oksijeni", anakimbilia dukani kwa mama anunue sensa ya oksijeni.

MAMA SPEA: Na mimi namuuzia. Nimkatalie kwani mimi ni mama yake? Wiki ijayo anarudi taa bado inawaka.

KIJANA: Halafu magari haya ni ya soko la Japani. Mengi ya zamani kidogo hayaongei lugha yote ambayo hivyo vidude vinaifahamu. Kadude kanakuambia hakuna kosa, kumbe hakajaelewa walichoambiana.

SUKA: Mwambie na ya gia boksi.

KIJANA: Hiyo iko hivi. IST ya mwalimu ina otomatiki ya kawaida. Jirani yake ana Ractis yenye sivitii, ya mkanda wa chuma ndani. Majimaji yake ni mengine kabisa. Mtu akitia ATF ya IST humo kwa kuwa zote ni Toyota na zote ni otomatiki, itatembea siku hiyo, itatembea na kesho, halafu mkanda unaanza kuteleza kwenye puli zake. Hapo hakuna kutengeneza, ni kununua gia boksi nyingine.

MWALIMU: Lakini kosa hilo hata mafundi wanalifanya.

KIJANA: Wanalifanya. Ndiyo maana nimesema kidogo.

Nampenda Kijana. Anajua kitu ambacho Mwalimu hajakijua na Fundi amekisahau, kwamba kompyuta ya gari hutoa dalili, haitoi hukumu. Mwalimu wa fizikia alitakiwa kuliona hilo haraka kuliko wote, maana darasani kwake mwanafunzi anayeruka kutoka kipimo hadi jibu bila kuonyesha njia hupewa alama ndogo.

MWALIMU: Mnanibana kwa gia boksi. Mimi nawaletea historia. Mtu wa kwanza duniani kusafiri mbali kwa gari alilitengeneza mwenyewe njiani, tena mama wa watoto. Bertha Benz, Agosti 1888, kutoka Mannheim hadi Pforzheim huko Ujerumani, kilomita zaidi ya 100, na wanawe wawili. Mume wake Karl, mwenye kuliunda gari, hakuwa na habari. Bomba la mafuta likaziba, akalizibua kwa pini ya kofia. Waya ukachubuka, akaufunga kwa mkanda wa soksi. Mafuta yakaisha, akanunua duka la dawa. Fundi gani alikuwepo?

SUKA: Na breki?

MWALIMU: Breki zilikuwa za mbao. Kwenye miteremko zikalika, basi akasimama kijiji kimoja...

FUNDI: Akasimama kwa nani, mwalimu? Malizia.

MWALIMU: Kwa fundi viatu. Akamwomba azigongelee ngozi.

FUNDI: Ahaa! Bomba kazibua mwenyewe, waya kafunga mwenyewe, breki kampa fundi. Mama huyo aje gereji kwangu hata leo, simtozi kitu.

SUKA: Sasa tunaongea. Jamani, mimi plagi za mwalimu hazinihusu. Gari yake ikikataa kuwaka asubuhi, atapanda kwangu, nitamlipisha nauli. Lakini pale anapoteremkia kuingia lami, chini yake kuna nani? Kuna mimi na abiria, kuna bodaboda, kuna watoto wa shule, kuna mama na beseni la sato kichwani. Breki zake ni zangu.

Na hapa ndipo ninapohama upande, kama nilivyoahidi. Kosa la plagi hujitangaza: gari linakohoa palepale uwanjani. Kosa la oili iliyopungua linaonekana kwenye kijiti, ukiwa na tabia ya kukichomoa. Kosa la betri hukuacha umesimama. Haya yote mwenye gari na akosee, ajifunze, akosee tena. Breki hazina ukarimu huo. Mtu amefunga pedi mpya, amekanyaga pedeli ikashika, ameona amemaliza. Hajui kwamba upepo umebaki kwenye bomba, au kwamba alipoongeza majimaji kwenye kikopo ametia hidroliki ya usukani kwa sababu aliiona ni majimaji kama mengine. Majimaji ya breki siyo mafuta ya madini kama oili ya injini. Mafuta ya aina hiyo yakiingia mle, mipira ya ndani huvimba polepole. Jumatatu breki zinashika. Jumanne zinashika. Siku zinapokataa, aliyekosea alishasahau kama aliwahi kuzigusa.

Hata majimaji yenyewe halali yana siri. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hustahimili joto hadi nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Lakini huvuta unyevu wa hewani, na yakishaushiba, kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Gari linaloteremka mlima huku dereva amekanyaga breki mfululizo linaweza kuufikia moto huo kwenye diski. Majimaji yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu hubanika, kwa hiyo pedeli inazama hadi chini. Mji wa ziwa una unyevu na Igogo ina mteremko. Anayetaka kujua kwa nini Suka amekuwa mkali, sababu ndiyo hiyo.

Sheria nayo iko upande wa mteremko. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtazama anayeliendesha gari bovu na anayeruhusu liendeshwe. Breki zilizofungwa vibaya na fundi ni kosa la dereva barabarani sawasawa na zilizofungwa vibaya na dereva mwenyewe. Trafiki hamuulizi mtu risiti ya gereji. Wala sheria hiyo haimnyimi Mwalimu spana. Inachomnyima ni kisingizio.

MWALIMU: Kwa hiyo breki nisiguse kabisa? Mbona hao waliozigusa gerejini tumekubaliana walijifunzia kwa wateja?

FUNDI: Nilijifunza nikiwa na mtu amesimama nyuma yangu. Nikimaliza kutoa upepo, bosi anakanyaga pedeli mwenyewe, anasema rudia. Narudia. Jioni nimeshachoka, anasema rudia. Wewe nyuma yako nani amesimama? Simu.

Sikutegemea Fundi ndiye angetoa hoja nzito kuliko zote za siku hiyo. Mwaka 1966 Mwingereza John Haynes alitoa kitabu chake cha kwanza cha warsha, cha gari dogo la Austin-Healey Sprite, na tangu hapo vitabu vya Haynes vimewafundisha watu wengi kulivua gari hadi nati ya mwisho na kulivalisha upya. Leo kazi hiyo inafanywa na video. Zote zina picha nzuri. Hakuna hata moja inayoweza kukanyaga pedeli ya Mwalimu na kusema rudia.

KIJANA: Kuna jambo hamjaligusa. Mwalimu, ile lita 3.7 ya oili chafu unaipeleka wapi?

MWALIMU: Naiweka kwenye galoni lilelile.

KIJANA: Na galoni likijaa?

MWALIMU: Kuna fundi seremala huwa ananiomba, ya kupaka mbao kwa ajili ya mchwa.

KIJANA: Asipokuja?

Mwalimu hakujibu, na kwa haki yake niseme wengi wangekuwa wamejibu kwa uongo. Gereji ya Fundi ni chafu, udongo wake mweusi, lakini ina pipa, na pipa lina wateja. Kwa mwenye gari hakuna pipa. Igogo hakuna kinachomwagwa kikabaki mahali pake. Mvua ikinyesha kwenye mawe, maji hayana pa kuzama. Yanashuka na kila kitu yanachokikuta, yanapita mitaroni, yanaingia ziwani. Na ni katika ziwa hilohilo ambamo MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, huchota maji ya kusafisha kwa matumizi ya jiji, pale Capripoint, upande wa pili tu wa mji. Kama kuna jambo moja ambalo lingenifanya nipige marufuku ufundi wa nyumbani katika kata hii, lingekuwa hili na si breki, kwa sababu breki mtu ataziogopa mwenyewe. Galoni la oili chafu halimtishi mtu.

FUNDI: Ailete kwangu. Pipa lipo. Sitamtoza.

MAMA SPEA: Leo fundi umekuwa mwema, mvua itanyesha.

FUNDI: Siyo wema. Nikishalijaza nauza.

SUKA: Na jeki je? Juzi nimemkuta mwalimu yuko chini ya gari, jeki peke yake inashikilia, na kwenye gurudumu la nyuma amezuia kwa jiwe.

MWALIMU: Mawe ndiyo tuliyonayo, kaka.

Kuhusu hili sina mjadala. Jeki ni ya kunyanyulia. Anayeingia chini ya gari bila stendi, kwenye uwanja wenye mteremko, hafanyi ufundi wa aina yoyote, na mafundi wa barabarani wanaolala chini ya Hiace kwa mtindo huohuo wasimcheke.

MWALIMU: Nikubali basi. Oili nitabadilisha, chafu nitaileta pipani. Plagi, filta ya hewa, balbu, betri, thamostati, kifuniko cha rejeta, hayo ni yangu na simwachii mtu. Gia boksi sigusi. Breki nataka kujifunza, mzee, lakini uwe umesimama nyuma yangu.

FUNDI: Nisimame bure?

MWALIMU: Umesema mwenyewe hatukulipi akili. Nakulipa uje uone kabla sijashusha gurudumu, ukanyage pedeli. Ukisema rudia, narudia.

FUNDI: Nusu ya hela ya ufundi.

MWALIMU: Nusu! Bila kushika spana?

FUNDI: Kushuka huko uliko na kurudi, na gereji nimeiacha na kijana. Nusu.

MWALIMU: Robo, mzee wangu. Na chai.

FUNDI: Theluthi. Chai ya maziwa, siyo ile ya walimu.

MAMA SPEA: Na pedi anunue wapi?

FUNDI: Anunue kwako, nani kamkataza.

MAMA SPEA: Nauliza ili nijue bei ya kumwambia. Ile yenye cha juu, au ile nyingine?